Shajara ya mradi: Tabibu wetu apige, au aponye tu?

Gemu yenyewe, kwa anayeanzia hapa

Tunatengeneza gemu ndogo ya mtandaoni: watu wanne dhidi ya bosi mmoja. Kuna Mlinzi anayesimama mbele na kumkasirisha bosi ili asigeukie wengine, Wapigaji wawili, na Tabibu mmoja. Sisi tuko wawili. Mimi nashika kanuni za mapigano na hesabu zake, mwenzangu anashika seva. Wahusika bado ni maboksi yenye rangi na watabaki hivyo kwa muda, kwa kuwa kuna jambo la kuamua kabla ya kumpa mchoraji kazi: Tabibu atakuwa na silaha au hatakuwa nayo? Jibu linagusa vitufe, mwendo wa mikono, na hata urefu wa pambano.

Toleo 0.3: Tabibu asiyepiga

Tumeanza makusudi na Tabibu asiye na shambulio hata moja. Nilitaka kwanza tuuone utupu ulivyo, ndipo tubishane juu ya cha kuujazia.

Hesabu ni hizi. Bosi anampiga Mlinzi 120 kila sekunde mbili, yaani 60 kwa sekunde. Uponyo mmoja unarudisha 200, na unamshika Tabibu sekunde mbili kabla hajaweza kubonyeza tena, yaani 100 kwa sekunde. Akiponya bila kumwaga hata tone, ana kazi kwa asilimia 60 ya muda. Wapigaji wanatoa 100 kwa sekunde kila mmoja, Mlinzi 40, na bosi ana uhai 72,000, kwa hiyo pambano linakwisha kwa dakika tano. Kati ya hizo, Tabibu anahitajika kwa dakika tatu. Dakika mbili ni zake na hana la kuzifanyia.

Wajaribu walijitafutia la kufanya. Mmoja alikuwa akirukaruka nyuma ya bosi. Mwingine alimponya Mlinzi aliyekwisha kujaa, Uponyo juu ya Uponyo, mpaka mana (nguvu ya uchawi inayolipia Uponyo) ikakauka, na bosi alipopandisha hasira hakubaki na kitu. Mwingine akaandika kwenye gumzo: "Kaka, kuna kitufe sijakiona, au kazi yangu ndiyo hii?"

Njia ya mkato ni kuongeza kipigo cha bosi hadi Tabibu awe na shughuli karibu muda wote. Nimeikataa. Hapo mtu akichelewa mara mbili mfululizo, Mlinzi amekwenda, na anayejifunza hapati pa kupumulia. Utupu ule ni akiba. Ndiyo unaomwezesha Tabibu kukwepa moto, kumwinua aliyeanguka, kufikiri. Mgeni anaitumia akiba yote na bado haimtoshi. Mzoefu haigusi kabisa. Gemu moja inabidi iwatoshe wote wawili, kwa hiyo utupu utakuwepo tu. Tunachoweza ni kuupa kazi.

Seva ikiwa imezimwa

Mwenzangu anaandika upya sehemu ya kuwakutanisha wachezaji, nami sina pa kujaribia. Nimerudi kwenye gemu za wengine.

Wapo wanaosema mponyaji kupiga ni uzushi wa juzi. Mambo yalianza kinyume. Katika Dungeons & Dragons, gemu ya mezani ya 1974, kasisi alivaa deraya akapigana kwa rungu, na katika ngazi ya kwanza hakuwa na uchawi wowote, hata wa kuponya. Mponyaji wa kukaa nyuma akikodolea macho mistari ya uhai alikomaa baadaye, katika gemu za mtandaoni. EverQuest (1999) ilikuwa na uponyo mkubwa uliochukua sekunde 10 kuutoa, na mbele ya mabosi wakubwa makasisi walipanga zamu: kila mmoja alianza wake muda mfupi baada ya mwenzake, ili mlinzi apokee uponyo bila kukatika. Kazi ya nidhamu kwelikweli. Hakuna aliyeuliza kwa nini hawapigi.

World of Warcraft ya 2004 ilikuwa na kanuni ninayoihusudu. Mana itokanayo na Spirit (sifa ya mhusika inayorudisha mana) haikurudi mpaka mchezaji akae sekunde tano bila kutumia mana. Kunyamaza kukawa uamuzi wenye faida. Mponyaji mzuri alijua lini aache kubonyeza. Gharama yake ilionekana akiwa peke yake porini. Aliyechagua vipaji vya uponyaji aliua mnyama mmoja kwa muda mrefu kuliko wenzake, na kubadilisha vipaji kulilipiwa dhahabu, bei ikipanda hadi vipande 50 kwa mara moja. Uwezo wa kuweka seti mbili za vipaji ulikuja 2009. Sijui hoja nyingine ya kumpa mponyaji silaha iliyo wazi kuliko hii: kundi likiondoka, bado anataka kucheza.

Guild Wars 2 (2012) iliamua kukata mzizi. Kila mchezaji akapewa uponyo wake, na nafasi ya mponyaji maalumu ikafutwa. Mapambano makubwa ya kikundi yalipoingia na nyongeza ya Heart of Thorns mwaka 2015, aina mpya ya mhusika, Druid, akaja nayo, na kazi yake kubwa ikawa kuponya. Nimeandika jina hilo kwenye karatasi ukutani kama onyo kwa kila anayeniambia "si mumwondoe tu Tabibu?"

Toleo 0.4: Mshale

Tabibu amepata shambulio moja, Mshale: 120 kila sekunde mbili, hauli mana.

Asilimia 40 ya muda, kwa 60 kila sekunde, ni nyongeza ya wastani wa 24. Kundi linapanda kutoka 240 hadi 264 kwa sekunde, na pambano linashuka kutoka sekunde 300 hadi kama 273. Sasa tazama kinachofuata. Sekunde 27 zilizokatwa ni vipigo ambavyo Mlinzi hatavipata kamwe, uhai zaidi ya 1,600, sawa na Uponyo nane usiohitaji kutolewa. Bosi aliyelala hapigi mtu. Kwa hesabu tupu, kupiga nako ni kuponya, ila malipo yake huja mwishoni.

Wajaribu wakaigundua hesabu hiyo bila kuonyeshwa karatasi. Mmoja, mwepesi kuliko wote, alimwacha Mlinzi ashuke hadi theluthi ya uhai wake kabla ya kumgusa, kwa hoja kwamba uhai wa juu ni pambo na ulio muhimu ni ule wa mwisho. Ana haki. Mlinzi mwenye uhai 50 anapiga sawasawa na mwenye 1,000. Lakini aliyekuwa ndani ya Mlinzi hakuyapokea hivyo: "Unaniona nakufa, wewe unarusha mishale!" Wakatukanana kidogo, bosi akafa, wakarudia tena kwa furaha. Mjaribu mwingine alikataa kabisa kuutumia Mshale. Alichagua Tabibu ili asipigane, akasema, na kama angetaka kupiga angechagua Mpigaji. "Mshika mbili moja humponyoka," akaandika. Kundi lake lilishinda vilevile, polepole zaidi.

Kilichonikera mimi ni kingine. Tangu Mshale uingie, kila Uponyo umegeuka kuwa Mshale uliopotea. Tabibu bora kwa kipimo hiki ni yule anayeponya mara chache kadiri iwezekanavyo. Jina la kazi linasema jambo moja na hesabu inalipa jambo jingine.

Hii ndiyo hali ya Final Fantasy XIV. Ilipozinduliwa upya mwaka 2013, waponyaji walikuwa na hali maalumu, Cleric Stance, iliyobadilishana nguvu ya kuponya na nguvu ya kushambulia. Ukiiwasha unapiga vizuri na uponyaji wako unadhoofika, na kuizima hukuweza papo hapo. Waoga hawakuiwasha, na wajasiri waliua walinzi. Baadaye iliondolewa, na sasa mponyaji hupiga na kuponya bila kubadili hali. Ila vitendo vyake vingi vya kuponya havili zamu ya kawaida, yaani ule muda wa kusubiri wa sekunde 2.5 kati ya kitendo na kitendo, kwa hiyo zamu nyingi zinabaki kwa shambulio lilelile moja, likirudiwa na kurudiwa. Dawntrail, nyongeza ya gemu hiyo, ilipokaribia kutoka mwaka 2024, baadhi ya wachezaji walitangaza mgomo wa waponyaji. Ukisikiliza malalamiko yao, kupiga kwenyewe hakukuwa na shida. Walinzi na wapiganaji walikuwa wamepewa uwezo mkubwa mno wa kujiponya, na mponyaji akabaki na kitufe kimoja cha kuua muda.

Upande wa seva kulikuwa na kazi ambayo haikuonekana kwenye karatasi yangu. Seva yetu inapiga hatua 20 kwa sekunde, yaani inaamua mambo kila milisekunde 50. Tabibu akianza Mshale na bosi akainua nyundo katikati, kitufe cha Uponyo kilikuwa kinasubiri Mshale umalizike. Mlinzi alikufa huku Tabibu akibonyeza kwa nguvu zote. Mwenzangu ameongeza kanuni mbili: Uponyo unaughairi Mshale papo hapo, na kitufe kikibonyezwa milisekunde 400 kabla zamu haijafunguka, seva inakikumbuka na kukitekeleza zamu ikifunguka. Mabadiliko madogo, lakini lawama za "Mshale umeniua" zimepungua sana. Sehemu ya ubishi wa mponyaji kupiga au kutopiga ni ubishi wa vitufe vizito tu, na mtu anayetengeneza gemu angeanzia hapo kabla ya kugusa falsafa.

Toleo 0.5: Mshale unaoponya

Wazo lililopendekezwa na kila mtu: kupiga kuwe ndiko kuponya. Si geni. Katika Warhammer Online (2008), Warrior Priest alikusanya nguvu za kuponyea kwa kupiga watu nyundo. Kasisi wa Discipline (tawi moja la makasisi) katika World of Warcraft alipata Atonement mwaka 2010, mashambulizi yake yakageuka uponyaji kwa wenzake. Sage wa Final Fantasy XIV (2021) humwekea mtu mmoja alama iitwayo Kardia, kisha mashambulizi yake humponya mtu huyo.

Tumeweka: kila Mshale unaogonga unampa Mlinzi 90.

Amani ikatanda mara moja. Hakuna anayegombana na mtu. Na baada ya raundi kadhaa nikaona kwa nini: hakuna anayeamua kitu. Kitufe kimoja kinafanya yote mawili na Uponyo unabonyezwa mambo yakiharibika tu. Isitoshe tuna awamu ambayo bosi anapaa kwa sekunde 12 akimwaga moto chini. Tabibu hana wa kumgonga, kwa hiyo uponyaji unakatika wakati unapohitajika kuliko wakati wowote.

Legion (2016), nyongeza ya World of Warcraft, ilipata dawa ya hili kwa Discipline: kasisi huweka kwanza Atonement juu ya wenzake, kwa muda mfupi, kisha ndipo anapiga, na walionayo tu ndio wanaopona. Kwa hiyo anaponya jeraha ambalo bado halijatokea. Ninaipenda sana, na sitaitumia. Inamtaka mtu aijue ratiba ya bosi kwa moyo, na wachezaji wetu watakuwa wanakutana na bosi kwa mara ya kwanza usiku wa Ijumaa na watu wasiowajua.

Mshale unaoponya umeondolewa.

Maombi ya uwanja wa wachezaji dhidi ya wachezaji

Yamekuja tena. Jibu bado ni hapana. Msaidizi Brigitte alipoingia Overwatch, gemu ya timu dhidi ya timu, mwaka 2018, kupiga kwake kuliwaponya walio karibu, na si muda mrefu timu za juu zikawa zinachezesha walinzi watatu na wasaidizi watatu bila mpigaji hata mmoja. Mwaka 2019 Blizzard, waundaji wake, ikaweka kanuni ya wawili wawili kwa kila nafasi. Bosi wetu hajali Tabibu akiwa na nguvu kupita kiasi. Mpinzani wa kibinadamu angejali.

Toleo 0.6: Radi

Tumegeuza mkondo. Badala ya pigo kuzaa uponyo, uponyo ndio unaozaa pigo.

Mfano mkongwe ninaoujua vizuri ni Medic wa Team Fortress 2 (2007). Bunduki yake ya kuponyea inajaza Übercharge, na ikijaa anampa mgonjwa wake sekunde nane za kutodhurika. Medic huyo hahitaji kuua mtu, ila mashambulizi ya timu nzima yanasubiri yeye aseme "sasa". White Mage wa Final Fantasy XIV ana kitu cha karibu na hicho: akitumia maua matatu kuponya, anapata pigo zito liitwalo Afflatus Misery. Katika nyongeza ya Endwalker (2021) pigo hilo lilipewa nguvu ya mashambulizi manne ya kawaida. Zamu tatu za kuponya na moja ya pigo ni zamu nne. Aliyeponya hakupoteza kitu.

Hesabu hiyo nimeichukua na kuifunga kwa namna yetu. Mshale umebaki, 120 kila zamu. Kila uhai 600 ambao Tabibu *kweli* ameurudisha unampa Radi moja, yenye pigo la 480. Uponyo mitatu isiyomwaga kitu ni 600. Zamu tatu za kuponya na moja ya Radi zinalipa sawa na Mishale minne. Lakini ukimponya aliyejaa, kinachomwagika hakihesabiwi. Ukimponya mtu aliyepungukiwa na 50, umepata 50. Kwa hiyo anayelipa gharama ni aliyeponya ovyo, na aliyeponya kwa kuhitajika halipi. Kuna hatari ya kuona hii ni hila ya mhasibu, lakini mezani ilibadilisha mazungumzo. Yule mjaribu aliyekataa Mshale anaipiga Radi kila inapojaa. Anasema ni ya kwake kwa sababu imetoka kwenye kazi yake. Mwepesi naye ana la kuchezea: kuna sekunde sita ambapo bosi anapiga magoti na mapigo yanaongezeka kwa nusu, na yeye anaishikilia Radi hadi hapo.

Mlinzi anaachwa ashuke tena? Kidogo, kwa kuwa jeraha dogo linajaza polepole. Lakini sababu imebadilika. Zamani alisubirishwa ili Mshale urushwe. Sasa anasubiri jeraha litoshe Uponyo mzima, na hilo ndilo nililotaka Tabibu ajifunze kulipima kwa macho.

Kisha kikaja kituko. Kundi moja likagundua kwamba Wapigaji wakisimama motoni makusudi, Tabibu anajaza Radi haraka. Wakawa wanaota moto kwa zamu. Nilicheka, halafu nikamwandikia mwenzangu, naye hakucheka. Suluhisho linataka seva ikumbuke chanzo cha kila jeraha: kila mchezaji sasa ana hesabu ya pembeni ya uhai uliopotea kwa moto wa ardhini, Uponyo unafuta hesabu hiyo kwanza, na kilichofutwa hapo hakijazi Radi. Kinachobaki ndicho kinachohesabiwa. Ni nambari moja zaidi kwa kila mtu, si mzigo. Ila imeleta faida ambayo sikuipanga: Tabibu anayejazwa kazi na Mpigaji mzembe anaona Radi yake haisogei, na sasa ana sababu ya kusema "toka motoni" yenye nambari nyuma yake.

Toleo 0.7: Ubao wa matokeo

Hapa kuna vita baridi kati yangu na mwenzangu. Yeye anataka safu ya mapigo kwa kila mchezaji baada ya pambano. Mimi nasema ukimwonyesha Tabibu nambari ya mapigo karibu na ya Mpigaji, umekwisha kumwambia afanye nini, hata kama kanuni zote zinasema vingine. Safu ya uhai ulioponywa ina ugonjwa wake pia: inapanda kundi likicheza vibaya. Tabibu wa kundi lisiloguswa na moto ataonekana mvivu.

Tumekubaliana kwa sasa juu ya vitu vitatu. Muda wa kumwangusha bosi ni wa kundi zima. Kwa Tabibu kuna sehemu ya uponyo wake iliyomwagika, kwa asilimia, na idadi ya Radi zilizogonga bosi akiwa amepiga magoti. Mapigo ya mtu mmoja mmoja yatakuwa kwenye faili ya kumbukumbu, kwa anayetaka kuyatafuta. Mwenzangu anaamini watu wataandika programu ya kuyaonyesha ndani ya wiki moja. Huenda. Angalau hatutakuwa sisi tulioyaweka katikati ya skrini.

Yaliyobaki kwa 0.8

Mazoezi ya mtu mmoja: Tabibu akiwa peke yake hana wa kumponya ila nafsi yake, na Radi inajaa pale tu anapoumia. Mshale mtupu unachosha. Ninajaribu kumpa mwanasesere wa mbao anayepigwa badala yake, ambaye naye anaweza kuponywa.

Awamu ya bosi angani: Mshale haufiki juu, Radi inafika. Mwenye Radi iliyojaa atachagua kuipiga hapo ili bosi ashuke sekunde nne mapema, au kuitunza hadi atakapopiga magoti. Hizo sekunde nne nimezikisia, zinategemea majaribio.

Na mchoraji ameandikiwa. Tabibu atakuwa na upinde, na maboksi yanaanza kuondoka.